Nahesabu mizani saba, kitabu kinasema nane: msaada wa ushairi wa kale, kidato cha tatu

Mtoro_wa_Prepu

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaokumbuka fasihi ya sekondari kuliko mimi. Mimi nilisoma Tanzania, enzi za kukariri "muundo na mtindo". Kijana wangu yuko kidato cha tatu Nairobi na amekuja likizo na kazi ya ushairi wa kale. Tumekwama mahali panne:

Kwanza, ubeti wa kwanza wa Utendi wa Mwana Kupona. Mwalimu kasema kila mstari una mizani (silabi) nane. "Negema wangu binti" sisi tunapata saba. Nani kakosea?

Pili, mimi nikisema "muundo wake ni tarbia" yeye ananiambia "hapana baba, hiyo ni bahari". Kumbe tunaongea lugha mbili?

Tatu, maneno. *Pulika*, *huyui*, *mbwene*. Kamusi ya nyumbani haina hata moja.

Nne, kila akiandika ubeti kwa lugha ya nathari (ya kawaida, isiyo ya kishairi) anapata alama moja au mbili kati ya nne. Anaapa kwamba maana ameielewa.

Msinitume nikanunue mwongozo, ninao, na ndio unaonichanganya.

---

Kalamu_ya_Matete

Mkuu, mwalimu yuko sahihi. Tatizo lenu ni neno *binti*. Nyinyi mmelikata bin-ti kama Mwarabu anavyolikata. Kwenye ushairi wa Kiswahili konsonanti iliyobaki peke yake bila irabu inahesabiwa mizani kamili. Kwa hiyo:

ne-ge-ma / wa-ngu / bi-n-ti = 3 + 2 + 3 = 8

Endelea na mstari wa pili, "mchachefu wa sanati": m-cha-che-fu / wa / sa-na-ti, 4 + 1 + 3 = 8. Wa tatu, "upulike wasiati": u-pu-li-ke / wa-si-a-ti, 4 + 4. Wa nne, "asa ukazingatia": a-sa / u-ka-zi-nga-ti-a, 2 + 6. Nane zote.

Ukishika mambo matano haya hutayumba tena:

1. Kila irabu ni mizani yake, hata zikifuatana. *Kaa* ni mbili. *Shauri* ni tatu, sha-u-ri. Hapa ndipo wanafunzi wengi huanguka, kwa sababu mdomo huziunganisha na jicho hulifuata mdomo.

2. *Kw, mw, ny, sh, ch, th, dh, gh, vy, ng'* haziongezi kitu. *Mwema* ni mbili tu.

3. *Nd, nj, ng, nz, mb* ndani ya neno huenda pamoja na irabu inayofuata. *Bunduki* ni bu-ndu-ki, tatu. Lakini neno likiwa fupi kiasi kwamba mkazo unaiangukia m au n yenyewe, herufi hiyo inasimama peke yake: n-chi, n-ge, m-bu, m-bwa, zote mbili mbili.

4. M iliyotokana na *mu-* inahesabiwa, hata ikitangulia b. Hii ndiyo inayowachapa hata walimu. "Nyumba mbaya" ni nyu-mba mba-ya, nne. "Mtu mbaya" ni m-tu m-ba-ya, tano. Maandishi ni yale yale, mizani si zile zile. Vivyo hivyo *kumbeba* (kumbeba mtoto) ni ku-m-be-ba, lakini *kumba* ni ku-mba.

5. Maneno ya kigeni yenye konsonanti mbili zilizogongana: da-f-ta-ri, la-b-da, a-s-ka-ri, be-n-ki. Zihesabu zote.

Jambo moja zaidi kabla kijana hajajiamini kupita kiasi. Si kila ubeti wa mistari minne una mizani nane. Utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate una beti za mistari minne, lakini mstari ni wa mizani kumi na moja, na una kituo kidogo baada ya sita: hu-yu-i du-ni-a / i-na ghu-ru-ri. Sita na tano. Mwanafunzi aliyekariri "mistari minne, kwa hiyo nane" ataanza kumtafutia mshairi makosa yasiyokuwepo.

---

Mghani_Jirani

Njia ya mkato: apige makofi. Kofi moja kwa kila mizani, polepole, bila kuimba. Akiimba atavuta irabu na kupata kumi. Mahadhi ni ya kughani, si ya kuhesabia.

---

Bi_Msahihishaji

Nijibu swali la pili na la nne, maana ndiyo yanayokula alama.

Kuhusu istilahi, ndugu, ni kweli mnaongea lugha mbili. Tanzania hufundishwa hivi: *muundo* ni umbo la ubeti, yaani tathnia (mishororo miwili), tathlitha (mitatu), tarbia (minne), takhmisa (mitano), tasdisa (sita). *Mtindo* ni kama shairi ni la kimapokeo au la kisasa. Kenya hayo yote huitwa *bahari* au aina, kisha kuna bahari za vipande (mathnawi ina viwili, ukawafi vitatu), bahari za vina, yaani silabi zinazofanana katikati na mwisho wa mishororo (mtiririko, ukara, ukaraguni), na za mpangilio wa maneno kama pindu na kikwamba. Mshororo wenyewe una vipande vyenye majina: ukwapi (cha kwanza), utao (cha pili), mwandamo (cha tatu), ukingo (cha nne). Wewe yaache majina ya shuleni kwako mpaka amalize mtihani. Usahihishaji hufuata istilahi za alikofundishwa.

Makosa mawili ya bahari ambayo hurudi kila mwaka. Mtu anapewa ubeti mmoja anaandika "ni mtiririko". Huwezi kujua! Mtiririko ni pale ambapo vina vya kati na vya mwisho havibadiliki shairi zima. Ukara, upande mmoja unabaki na mwingine unabadilika. Ukaraguni, vyote hubadilika kila ubeti. Lazima uwe na beti mbili au zaidi ndipo useme. La pili ni kuita mshororo wa mwisho *kibwagizo* bila kuangalia kama unarudiwa. Ukirudiwa ni kibwagizo. Usiporudiwa ni kiishio, au kimalizio kwa wengine.

Sasa nathari. Kwa Kenya ushairi uko karatasi ya tatu: saa mbili na nusu, maswali manne, kila moja alama 20. Ukigawa, swali moja lina dakika 37 hivi. Kuandika ubeti kwa nathari kwa kawaida ni alama 4, na anayepata 1 au 2 kwa kawaida amefanya mojawapo ya haya:

Ameubakisha mpangilio wa kishairi. "Mti uupande kwa akili" bado ni ushairi. Nathari inataka "Panda mti kwa uangalifu."

Ameyabakisha maneno ya kale au yaliyofupishwa jinsi yalivyo.

Amegeuza ubeti kuwa maelezo: "Hapa mshairi anasema kwamba anataka kutuonya..." Hapana. Swali linataka maneno yale yale ya shairi kwa lugha ya kawaida. Ufafanuzi una swali lake.

Ameruka mshororo wa mwisho kwa kudhani ni marudio tu.

Na ameandika mistari minne iliyopangwa chini kwa chini. Iandikwe aya moja, sentensi kamili, nukta mahali pake. Inaonekana ndogo lakini mimi nikiona mistari minne naanza kusoma kwa wasiwasi.

---

Kalamu_ya_Matete

Bi Msahihishaji kasema kweli. Kijana apewe ubeti ambao hauko kitabuni, asije akanakili. Huu nimeutunga sasa hivi, msinicheke:

*Ukiitaka asali, nyuki usimkimbie,*
*Panda mti kwa akili, mwenge wako ushikie,*
*Moshi usitoke mbali, mzingani uingie,*
*Mrina hali asali, miba asivumilie.*

Ahesabu mizani, ataje vina, atafute uhuru wa mshairi (mahali alipopinda lugha ili shairi likae sawa) mara tatu, halafu aandike nathari. Dakika 20.

---

Mtoro_wa_Prepu

Amefanya, nami nimefanya upande wangu. Vina: -li kati, -e mwisho. Hapo tumekubaliana. Bahari: tarbia, mathnawi. Alitaka kuongeza mtiririko, nimemkumbusha ya Bi Msahihishaji.

Mizani tumepata hivi: mstari wa kwanza 7 na 7, wa pili 8 na 8, wa tatu 8 na 7, wa nne 8 na 8. Uhuru wa mshairi ameona mmoja tu, "miba".

---

Kalamu_ya_Matete

Vizuri, na makosa yenu yote matatu yanatoka kwenye zile kanuni.

"Ukiitaka" mmeikata u-ki-ta-ka. Kuna i mbili: u-ki-i-ta-ka, tano, jumlisha a-sa-li, nane. "Usimkimbie" mmeilaza m: ni u-si-m-ki-mbi-e, sita, jumlisha nyu-ki, nane. Angalieni neno hilo lina m mbili zenye tabia tofauti: ya kwanza inamwakilisha nyuki, kwa hiyo inasimama, ya pili imo ndani ya *kimbia*, kwa hiyo inaungana na b. "Mzingani" ni m-zi-nga-ni, nne, na u-i-ngi-e nne.

Uhuru wa mshairi: *miba* badala ya *miiba* ni inkisari, mizani moja imekatwa. *Ushikie* badala ya *ushikilie*, inkisari tena. Bila hivyo utao ungekuwa tisa. Na *asivumilie* hapa maana yake ni "asipovumilia", yaani sarufi imepindwa ili kina kitoke. Hiyo ndiyo kuboronga sarufi. Mtihani ukiuliza uhuru wa mshairi, jina peke yake halitoshi. Andika jina, toa mfano, toa umbo kamili la neno, kisha sema kwa nini: kutosheleza mizani, au kupata urari wa vina. Kukosa sababu ni kupoteza nusu ya alama.

Nathari iwe karibu na hii: *Ukitaka asali usiwakimbie nyuki. Panda mti kwa uangalifu huku umeshikilia mwenge wako. Moshi usiwe mbali, bali uingie ndani ya mzinga. Mrina asiyevumilia miiba ya nyuki hali asali.*

---

Hati_za_Pate

Nilikuwa nasubiri mfike kwenye maneno.

Mkuu, kamusi ya nyumbani imeandikwa kwa Kiswahili sanifu, na mashairi haya ni ya Kiamu, Kipate na Kimvita, yaani lahaja za Lamu, Pate na Mombasa. Usitafute neno moja moja kwanza. Jifunze mabadiliko ya sauti, nusu ya "maneno magumu" yatajifungua yenyewe:

*ch* ya sanifu mara nyingi ni *t*: mato (macho), nti (nchi).
*nj* ni *nd*: ndia (njia).
*j* ni *y*, hasa Kiamu: huyui (hujui), yua (jua), moya (moja).
*vy* ni *z*, Kiamu pia: zombo (vyombo), zuo (vyuo).

Tahadhari kwenye ile ya kwanza. *Ch* inayotokana na *ki-* ya ngeli haigeuki. Chombo ni chombo na chakula ni chakula. Usije ukamfundisha mtoto "takula". Na mshairi wa Mombasa hatakuwa na *moya* wala *zombo*, kwa sababu Kimvita kina *j* na *vy* kama sanifu. Kwa hiyo kwanza jua mshairi ni wa wapi. Muyaka bin Haji ni wa Mombasa, Mwana Kupona na Sayyid Abdalla ni wa Pate.

Chukua mistari miwili ya Al-Inkishafi uone inavyofanya kazi: "Huyui dunia ina ghururi / ndia za tatasi huzandamaye". *Huyui*, hujui. *Ndia*, njia. *-ye* mwishoni ni ile *-je* ya swali, kama "nifanyeje", imepita kwenye j kuwa y. Yaliyobaki ya kutafuta ni mawili tu: *ghururi*, udanganyifu, na *tatasi*, tata, matatizo. Anauliza moyo wake: hujui kwamba dunia inahadaa? Mbona unaziandama njia za utata?

Kundi la pili ni vitenzi vya kale vya wakati uliopita hali timilifu, vyenye *-ile* au vilivyobadilika ndani. *Mbwene* ni nimeona. Hivi havitabiriki sana, inabidi kuvikariri. Tengenezeni orodha nyuma ya daftari, safu tatu: neno, sanifu, mstari lilipotoka. Safu ya tatu ndiyo muhimu, maana neno likikosa mstari husahaulika kwa wiki moja.

Kundi la tatu ni msamiati wenyewe: *pulika*, sikiliza, *asa*, huenda. Kwa haya kamusi za zamani zina nafuu. Ya Krapf ya 1882 ilikusanywa zaidi upande wa Mombasa, ya Sacleux ya 1939 ina lahaja nyingi sana, ingawa fasiri yake ni ya Kifaransa. Zote mbili zinapatikana zikiwa zimepigwa picha mtandaoni.

---

Mtoro_wa_Prepu

Hii ni dhahabu, shekhe. Swali dogo: kitabu cha shule kina "asa ukazingatia", lakini nakala nyingine niliyoipata ina "asaa". Kwa kanuni ya kwanza hapo juu inakuwa tisa. Ipi ya kweli?

---

Hati_za_Pate

Kwa mizani, "asa". Lakini usimwambie kijana kwamba nakala ya pili ni ya uongo. Tendi hizi ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, na hati hizo hazikuwa na alama tofauti za *e* na *i*, wala za *o* na *u*. *Mb* na *b* mara nyingi ziliandikwa kwa herufi moja, *nd* na *d* vilevile. Mnakili anarefusha hapa, mhariri anasoma vingine kule. Kwa hiyo tofauti kati ya chapa mbili ni kitu cha kawaida, na mizani na vina ndiyo hakimu wako wa kwanza: usomaji unaovunja mizani mahali ambapo beti za jirani zimetimia, ushuku.

Hati hizo zina mtego mwingine. Ubeti wa utenzi mara nyingi uliandikwa mstari mmoja mrefu wenye vipande vinne. Chapa nyingine za sasa huweka vipande viwili viwili kwa mstari. Mwanafunzi anahesabu 16, anaona kituo katikati, anaandika "hili ni shairi la mathnawi". Angalia vina badala ya mpangilio wa karatasi: utenzi vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja, cha nne kina kina cha peke yake kinachorudi mwisho wa kila ubeti hadi shairi liishe. Ubeti ule wa kwanza: binti, sanati, wasiati, kisha ukazingatia. -ti, -ti, -ti, -a. Nenda ubeti wa mbele wowote, tatu zitabadilika, ya nne haibadiliki.

---

Bi_Msahihishaji

Niongezee hapo, kwa sababu kina hicho cha nne nacho wengine hukiita *bahari*. Kijana akikutana na neno hilo kwa maana mbili ndani ya kitabu kimoja asichanganyikiwe, asome sentensi nzima.

Na kwa mwenye mwongozo: sheria nyingi za mizani na vina mnazokuta humo zinafanana na zile alizoziandika mshairi Amri Abedi katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, 1954. Muyaka alikwisha fariki zaidi ya miaka mia moja nyuma yake. Swali likisema "onyesha jinsi mshairi alivyokiuka arudhi" (kanuni za utunzi), jibu. Lisiposema, usiandike kwamba mshairi wa kale "amekosea mizani". Andika ni mizani ngapi ulizoziona, na wapi.

---

Mghani_Jirani

Ratiba ya likizo, kama bado mnayo wiki mbili: Utendi wa Mwana Kupona una beti mia moja na kidogo. Beti kumi kwa siku zinatosha. Mara ya kwanza asome kwa sauti bila kusimama, hata asipoelewa. Mara ya pili makofi, na aweke alama ya penseli kila mstari usiotimia nane. Mara ya tatu maneno kwenye zile safu tatu. Mwisho achague ubeti mmoja tu kati ya kumi, auandike nathari akipimiwa muda, dakika saba. Ile mistari aliyoitia penseli mpitie pamoja jioni. Mara nyingi utakuta ni *m* imelala au irabu mbili zimemezwa. Ikibaki hata baada ya hapo, leteni humu na mseme ni chapa gani.